Kufuli la Mzalendo

Nchi yetu ina jina zuri sana, ila siku hizi hatulitaji, kwa kuwa limepelekwa kamatini kuangaliwa kama bado linatufaa. Mpaka lirudi, tunasema tu "hapa". Hapa kuna Mlezi wa Taifa, kuna Waziri wa Vitu Vidogo, kuna mtaa wa Karabai, na katika mtaa wa Karabai kuna mimi, Bi Zuwena, mkaanga bajia. Nimetutaja kwa mpangilio wa ukubwa, asije mtu akasema sina adabu.

Kwangu hapajawahi kuwa kimya. Nikiinjika karai saa tisa alasiri, saa tisa na robo watu ishirini wameshajaa ukumbini, na kumi kati yao hawali kitu, wamekuja kusikia. Habari za nchi hii huanzia kwangu, ndipo redio huzipata. Mimi si mmbea. Mmbea hutoka kwenda kuyatafuta maneno. Kwangu maneno huja yenyewe, yakakaa mkekani, yakaomba chatne.

Sasa, nchi inayokaanga ni nchi inayoziba. Mafuta yetu yote huishia mitaroni, yakapoa, yakaganda kama sabuni, maji yakakosa njia. Karabai tulivuka maji machafu kwa kurukaruka juu ya matofali miaka kumi na mmoja, na serikali, pamoja na kuwa na macho mengi, haikuona tatizo. Kisha siku moja chemba ya Kasri la Mlezi ikafumuka katikati ya dhifa, mbele ya mabalozi saba. Tatizo likaonekana palepale. Balozi mmoja aliliona mpaka magotini.

Ndipo akaitwa Daktari Chausiku.

Chausiku ni wetu. Mama yake alifariki yeye Chausiku akiwa hajaota meno ya utu uzima, na kutoka siku hiyo alikula kwangu. Hesabu zake za shule alizifanya kwenye karatasi za kufungia bajia, mwalimu akawa anasahihisha huku anameza mate. Alikwenda kusoma ng'ambo, akarudi na miwani na shahada, na jambo la kwanza aliloniambia uwanja wa ndege ni, "Shangazi, nina njaa." Nikalia mbele za watu.

Akatengeneza mdudu. Si mdudu wa kumponda kwa kandambili; ni bakteria, mdogo hata ukiambiwa yupo unabaki kuamini tu, kama tunavyoamini bajeti. Kazi yake kula mafuta. Wizara ikampa jina la Mzalendo, kwa sababu, alieleza Waziri, "hula kilichopo na halalamiki."

Tangi lake wakataka kulijenga mwisho wa mtaa wetu, maana mitaro yetu ndiyo yenye shibe. Watu wakakataa. Wizara ikamtuma Chau aje kutusemesha, na mahali pa kuwasemesha watu wa Karabai ni pamoja tu: kwangu.

Fundi Hemedi, mshona suruali, ambaye kila siku hula bajia tatu na kubisha mara nne, ndiye aliyeanza. "Daktari, huyo mdudu wako akichoka na mitaro, si ataingia majumbani?"

"Hawezi, mjomba."

"Panya nao tuliambiwa hawawezi."

Chau akacheka, akaketi mkekani na gauni lake la kizungu, akachukua bajia, akatufundisha. Alisema ndani ya mwili wa mdudu kuna jeni, kama maandishi, yanayomwambia afanye nini. Katika maandishi hayo yeye amefuta sehemu moja, ile inayomwezesha kujitengenezea kirutubishi cha lazima. Badala yake amemfanya ategemee kitu ambacho hakimo katika udongo wowote, mto wowote, wala tumbo lolote duniani. Hupikwa maabara tu: shira ya rangi ya buluu. Akipewa shira, anaishi na kuzaa. Akinyimwa, siku mbili, kwisha, yeye na kizazi chake.

"Hilo ndilo kufuli," akasema. "Limo ndani ya mwili wake. Popote atakapotorokea, anatoroka nalo."

"Kumbe ni kama mwanamume asiyejua kupika," nikasema.

"Hasa, Shangazi!"

"Mwanangu, mwanamume wa namna hiyo huenda kwa jirani."

"Jirani hana shira."

Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Hata Hemedi alicheka, kisha akakumbuka kubisha. "Utaapa?"

Chau akaacha kucheka. "Naapa kwa kaburi la mama."

Basi. Mimi ndiye niliyemwosha mama yake. Fomu ya Wizara ilitaka mtu wa mtaa amdhamini mdudu, kwa jina, alama ya dole gumba na sifa zake njema. Mimi nilikataa kumdhamini kaka yangu mwenyewe alipokamatwa na kuku wa watu. Siku hiyo nikamdhamini bakteria. Nilipochovya dole gumba kwenye wino, mtaa mzima ukatia saini nyuma yangu. Hawakumwamini mdudu. Waliniamini mimi.

*

Siku ya uzinduzi Waziri wa Vitu Vidogo alihutubia saa mbili na nusu.

"Ndugu wananchi! Mataifa makubwa yametengeneza vitu vikubwa, na yamejuta. Sisi tumetengeneza kitu kisichoonekana, na nani atatulaumu kwa kisichoonekana? Kufuli la Mzalendo halina mfano duniani. Nalitangaza rasmi kuwa limefungwa. Na atakayesema limefunguka, huyo ndiye atakayefungwa!"

Tukapiga makofi. Tangi likafunguliwa koki, Mzalendo akaingia kazini.

Hapa lazima nimweleze msomaji wa nchi nyingine jambo moja, la sivyo atatuona wajinga. Kwetu hakuna mkusanyiko unaovunjika watu wakaondoka mikono mitupu. Arusi, matanga, kikao cha Bunge, lazima kila mtu apewe kitu cha kwenda nacho. Tunakiita mkono wa kwaheri. Hakimu akishakufunga hukupa kipande cha sabuni. Kuna waziri aliwahi kujiuzulu kwa kuwa wageni wake waliondoka hivihivi. Yale mengine yake alisamehewa.

Sasa siku ile, hotuba imekwisha, nyimbo zimekwisha, na afisa itifaki akagundua kwamba mkono wa kwaheri umesahaulika. Wageni mia nne wanatazama. Akatupa macho huku na huku, akaona nyuma ya tangi mapipa arobaini ya shira ya buluu, chakula cha mdudu cha mwaka mzima.

"Hapana!" Chau akamrukia. "Hicho ni chakula cha mdudu!"

"Daktari," akasema afisa itifaki kwa upole wa mtu aliyeokoka, "mwenyeji wetu leo si ndiye mdudu? Mwenyeji gani huyo anayewaacha wageni watoke kwake bila kitu?"

Hoja hiyo, kwa mila zetu, haijibiki. Chupa zikatafutwa, zikajazwa, zikabandikwa picha ya Mlezi. Waziri akachovya kidole, akalamba, akafumba macho. "Ala! Tamu!"

Nilimwona Chau amekuwa rangi ya unga wa dengu. Nikamshika mkono. "Mwanangu, hii ndiyo shira ambayo jirani hana?"

"Chupa mia nne tu, Shangazi. Zitaisha wiki hii."

"Na zikiisha wakataka nyingine?"

Akatazama mapipa, akasema, "Waziri amesema nitakuwa Mkurugenzi wa Kufuli la Taifa."

Nikapiga kigelegele. Mama mlezi asipopigia kigelegele cheo cha mwanawe, amlelee nini?

Sherehe ya cheo ikawa kwangu, pangekuwa wapi kwingine? Nikachoma kaimati masinia sita. Nilipokuwa napika shira yangu ya sukari na iliki, Chau akaniingia jikoni na chupa mbili za buluu.

"Tumia hii, Shangazi. Waziri anakuja, ataipenda."

"Mwanangu, kile chakula cha..."

"Weka tu. Mimi ndiye niliyeitengeneza. Kama hainidhuru mimi, itakudhuru wewe?"

Nikaweka. Watu mia walikula kaimati za buluu ukumbini mwangu, wakalamba vidole, wakasifu.

*

Kiwanda kikajengwa upesi kuliko shule yoyote tuliyowahi kuahidiwa. Sisemi kilikuwa cha nani. Nasema tu kwamba mwenye kiwanda na mke wa Waziri walinyonya ziwa moja. Sheria ilitaka kibali kisainiwe na Mkurugenzi wa Kufuli, na Mkurugenzi akasaini. Nilijua kabla ya redio, kwa mpigachapa wake, ambaye hupenda bajia zenye pilipili.

Shira ikaingia kwenye chai, kwenye uji wa watoto, kwenye dawa ya kikohozi. Wageni wa serikali walipewa lita, wageni wa chama madumu. Ndimi za watu zikawa buluu, na serikali, ambayo haiachi neema ipite bure, ikaona hapo kipimo cha utiifu. Ukienda kutafuta hati ya kuzaliwa, karani alikuambia, "Toa ulimi." Ukiwa mwekundu, hukuzaliwa. Hemedi, mwenye ugonjwa wa sukari, alikuwa anapaka ulimi wake wino wa kalamu kabla ya kwenda posta.

Kwanza mambo yalikuwa mazuri kupita kiasi. Mitaro ikawa safi hadi Mlezi akatembea ndani yake na viatu vyeupe, akapigwa picha. Kisha Jumanne moja nikafungua dumu la mafuta, jipya, la lita ishirini, nikamimina karaini. Yakatoka maji. Membamba, machachu kama unga uliolala siku tatu, na juu yake povu la buluu.

Nikafungua la pili. Vilevile. Dukani kwa jirani vilevile. Siku hiyo saa tisa na robo watu ishirini walikuwa ukumbini wanatazama karai tupu kama maiti wa mtu wanayemjua.

Nilimfuata Chau ofisini. Nilikaa benchi siku tatu ndipo nikaingizwa.

"Kufuli vipi?" nikamuuliza.

"Kufuli lipo, Shangazi. Halijaguswa."

"Basi mafuta yangu yameliwa na nani?"

"Suala hilo linachunguzwa." Akalisema kwa sauti ya redio. Sikuwa nimewahi kuisikia kinywani mwake.

Mimi sikusoma, ikanichukua njia nzima ya kurudi nyumbani kuelewa. Hakusema uongo. Mdudu bado alikuwa hawezi kuishi bila shira. Ila shira ilikuwa kwenye vikombe, kwenye matumbo, na kwa hiyo, tusemezane kama watu wazima, kwenye vyoo na mitaro yote. Ilikuwa kwenye vidole, na kwenye kila kitasa vilichoshika. Jirani sasa alikuwa nayo. Majirani wote.

*

Serikali haikulala. Ilitangaza Mwaka wa Kuchemsha. Redio ikatufundisha kwamba babu zetu walichemsha, kwamba mafuta ni mazoea ya kigeni, na kwamba ndizi iliyochemshwa humpa raia mtazamo wa mbali. Mwanamke mmoja wa sokoni alionywa kwa kukumbuka chapati kwa sauti.

Hali ikaendelea hivyo hadi mafuta ya nywele ya Mlezi, yaliyokuwa yakikifanya kichwa chake kimete kwenye picha zote za ofisini, yakageuka maji na kumchuruzika machoni katikati ya hotuba. Kufikia alasiri tume ilikuwa imeundwa: Tume ya Kumtafuta Mhusika Asiye Mkubwa.

Ilikaa wiki moja. Alhamisi akaitwa Chau, nami nikaenda kumsikiliza.

"Daktari," akasema Mwenyekiti, "kufuli lilishindwa?"

"Hapana, Mheshimiwa. Lilikuwa kamili kisayansi. Kilichokosekana ni nidhamu ya raia. Shira ilikusudiwa kwa mdudu peke yake. Kwa mujibu wa kumbukumbu, mtu wa kwanza kuipika kama chakula, na kuwalisha watu mia kwa siku moja, ni mkazi wa Karabai." Akafunua karatasi, kana kwamba jina langu asingeweza kulikumbuka bila kulisoma. "Bi Zuwena. Ambaye pia ndiye mdhamini wa mdudu, kwa dole gumba lake mwenyewe."

Watu wakageuka kunitazama. Waziri, aliyekula kaimati kumi na nne siku ile, nilimhesabia, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

Nikasimama. Sikuwa nimepewa ruhusa. "Mwenyekiti, nimekosa, nifungeni. Lakini kabla ya hapo naomba niseme dawa, maana dawa ninayo. Huyu mtoto alitufundisha kwamba mdudu akinyimwa shira siku mbili anakufa, yeye na kizazi chake. Siku mbili tu! Kifungeni kiwanda Ijumaa na Jumamosi. Tuimwage yote, tuoshe mikono, tukae siku mbili na ndimi zetu nyekundu. Jumapili nchi nzima itakaanga. Muulizeni yeye!"

Tumbo la karani likanguruma kwa kusikia neno kukaanga. Niliona matumaini yakipita usoni mwa watu, mmoja baada ya mwingine. Waziri akawa anakagua dari.

"Daktari," akasema Mwenyekiti, "ni kweli?"

Chau akavua miwani. Akaipangusa, akaivaa, akaivua tena. Nikawa namwombea kimoyomoyo, kama nilivyokuwa nikimwombea siku za mitihani.

"Mheshimiwa, hakuna utafiti unaothibitisha hivyo."

"Kwa maneno mepesi?"

"Kwa maneno mepesi, si kweli."

Nimeachwa na waume wawili, mmoja kwa barua. Nilidhani nakujua kuachwa.

Hukumu yangu ilikuwa ya huruma, nami naishukuru tume. Sikufungwa. Nilipigiliwa kibao mlangoni, herufi nyekundu: HAPA NDIPO JANGA LILIPOANZIA. KARIBU. Neno la mwisho liliongezwa na afisa itifaki, aliyeona kibao bila karibu ni ukosefu wa adabu.

*

Hakukaribia mtu. Saa tisa ilifika, saa tisa na robo ikafika, mkeka ukabaki mkeka. Hemedi alikuwa akipita upande wa pili wa njia, suruali za watu begani, ananisalimia kwa nyusi. Kitu kibaya si njaa. Nilichemsha mihogo kama raia wengine. Kibaya ni kujua kwamba Bi fulani kapewa talaka na mimi nimesikia siku nne baadaye, tena kwenye redio.

Miezi saba ikapita hivyo. Ndipo alasiri moja gari jeusi likasimama, akashuka Chau peke yake, mtandio usoni. Alisoma kibao, akaingia. Chini ya mtandio alikuwa amebeba kopo la lita tano.

"Shangazi, nimekuletea kitu."

Nikafungua. Mafuta. Ya manjano, mazito, yananukia mafuta. Nilichovya kidole nikajisugua nyuma ya mkono, na pakameta.

"Ya ng'ambo?"

"Ya jikoni kwangu."

"Kwako hayaharibiki?"

Akaketi palepale pake pa zamani, akaongea kama mtu anayekusifia fundi mzuri wa nguo. "Nyumbani kwangu shira haijawahi kuingia, Shangazi. Wanangu hawaijui ladha yake. Mtumishi anaosha mikono mlangoni, mgeni anaosha. Mdudu akiingia hakuti cha kula, siku mbili anakufa."

"Kwa hiyo ni kweli."

"Mimi na wewe si tunajua ni kweli?"

"Na kwenye tume?"

"Kwenye tume kulikuwa na watu." Akanishika goti. "Usinichukie. Kopo hili ni siri yetu. Kila mwezi nitakuletea."

Niliinuka, nikainjika karai. Unga wa dengu nilikuwa nao, sijui nilikuwa naulinda kwa ajili ya nani. Nikakata vitunguu, nikatia pilipili, bizari, chumvi. Chau akatabasamu, alidhani nampikia yeye. Mafuta yalipoanza kuimba nikaenda nikafungua mlango, pande zote mbili, na madirisha.

Harufu ya bajia katika mtaa uliochemsha miezi saba haihitaji mjumbe. Wa kwanza alikuwa Hemedi, suruali bado begani. Akapita chini ya kibao bila kukisoma. Akaja mwenye duka, wakaja wake zake wote wawili, wakaja na wasiosemezana. Dereva wa gari jeusi akaacha gari. Ukumbi ulipojaa wakasimama mlangoni, dirishani, watu sitini, na Chau katikati yao, mtandio umemteremka.

Nikawagawia za moto, mojamoja. Kisha nikasema, "Chau, mwanangu, kulikuwa na watu kule. Hapa pia wapo, na hawa ndio uliowaapia. Waambie ulichoniambia."

Akatazama mlango. Mlango ulikuwa na mabega manne. Akanitazama mimi, nami sikumsaidia.

Akawaambia. Sauti ya kwanza ilikuwa ya redio, ikamfia katikati, akamalizia na ile ya mkekani. Alisema yote: nyumba yake, mikono, wanawe, kopo. "Ni siku mbili," akasema. "Si zaidi. Nilijua siku zote. Nilisaini kiwanda nikijua, na kwenye tume niliposema si kweli, nilikuwa nasema uongo juu ya Shangazi." Machozi yakamtoka, nami, Mungu anisamehe, sikumpa khanga ajifute.

Nikasubiri. Nilijua watu wangu. Hawa waliwahi kumfukuza mtoza ushuru hadi mtoni kwa sababu alimtania mkwe wa mtu mmoja. Nikasubiri kelele, nikasubiri mtu aseme tuanze leo, Karabai peke yetu, siku mbili, waone. Kilichosikika ni kutafuna tu.

Hemedi ndiye aliyeinua mkono, kama yuko darasani. "Daktari."

"Naam, mjomba," akasema Chau, kainamisha kichwa.

Hemedi akameza. Akajifuta midomo kwa suruali ya mteja, akanyoosha kidole nyuma yangu, mezani.

"Hayo yaliyobaki kwenye kopo, si yanatosha karai moja tena?"

Watu sitini wakageuka kulitazama kopo. Chau naye akageuka. Nyumba yangu ilikuwa imejaa hadi dirishani, kama zamani.

Nikachota unga.